Sauti ya Boriti ya Jikoni

Sheria ya maghorofa ilitaka kila boriti ya chuma iseme kwa sauti ya fundi aliyeiunga, ili ikianza kulegea kwa joto iwatoe watu. Ya jikoni kwa Bi Mgeni aliiunga marehemu mumewe. Basi kila Ijumaa baada ya sala aliwasha majiko matatu mpaka isikike: "Toka, mama. Nalegea."

"Utatuangushia nyumba, shoga," alisema jirani yake, Mwanaidi. "Chuma chenyewe chembamba."

"Marehemu hakuunga kitu kikaanguka."

Ijumaa hii sauti ilitangulia kiberiti. Majiko yalikuwa baridi. Bi Mgeni akatazama juu. Boriti imeinama kama mtu aliyerukuu. Akajifunga kanga, akatoka kugonga milango, na nyuma yake mumewe akizidi kumhimiza atoke.