Goti la Rula

Siku moja baada ya mechi yake ya mwisho, Pampu alisimama mlangoni kwa dobi, akiomba moyoni asifunguliwe.

Jana yake uwanja mzima ulikuwa umesimama kumpigia makofi. Mtangazaji akasema kwenye kipaza sauti kwamba hajapata kuonekana kiungo muungwana kama huyu: miaka yote hiyo, hata kadi moja ya njano! Watu wakashangilia. Pampu akalia, nao wakadhani anaulilia mpira.

Uungwana gani? Uoga mtupu. Tangu asubuhi ile aliyomvunja goti Rula, kiungo mwenzake, hakuwahi tena kuutia mguu wake penye mguu wa mtu. Makocha walimfokea wakachoka. Kiungo gani huyu, anaomba mpira kwa adabu kama anaomba chumvi mezani? Kilichomwokoa ni mapafu, na jina lake la uwanjani lilitokana na hayo. Alikimbia mpaka wapinzani wakaishiwa pumzi, ndipo naye akauokota mpira taratibu. Timu ya taifa ilipomwita, mara ya kwanza alisingizia paja, mara ya pili mgongo. Nafasi ile ilikuwa ya Rula. Angeivaaje jezi ya mtu aliyemlemaza?

Watu waliona ni ajali ya mazoezini. Pampu peke yake alijua. Siku hizo yeye alikuwa mchezaji wa akiba, na Rula ndiye mfalme wa katikati, mwenye pasi zilizonyooka utadhani kazipima. Jumatatu hiyo Rula alichelewa, hakupasha mwili na wenzake, akaingia uwanjani na suruali ndefu jua likiwaka. Pampu akachukia: haya sasa ni maringo! Mara mpira ukadunda kati yao. Pampu alikuwa na nafasi ya kuruka, asiuguse mguu wa Rula. Nafsi ikamwambia, huyu akitoka, unaingia wewe. Hakuruka. Mlio wa goti lile ulimkaa masikioni, haukutoka tena.

Balaa lile lilikuwa na nafuu moja tu, kwamba Rula aliumia kazini. Klabu ilikuwa na sheria yake: ukiumia mazoezini unatibiwa, na mshahara unaendelea mpaka mkataba uishe. Ukiumia kwenye mechi za mtaani, unafungashiwa virago siku hiyohiyo. Rula akatibiwa, mshahara ukaendelea kuingia, na kwa huo akafungua udobi. Watani walisema bado ni kiungo, kutwa anapiga pasi.

Mlango ukafunguka.

"Shemeji!" Mke wa Rula akaangua kicheko. "Mpira umeuacha jana tu, leo umeshakosa pa kwenda? Haya, pita, pita."

Rula alikuwa kwenye meza ya kunyooshea nguo, uzito wote kauegemeza kwenye mguu mzima, mashati ya hoteli yamening'inia nyuma yake. Alipomwona mgeni aliinamisha macho kwenye kola. Ndivyo alivyokuwa siku zote. Mkarimu kupita kiasi, lakini jicho lake halikai kwa Pampu. Na nani angemlaumu?

"Kaka, nina neno," Pampu akasema. "La siku ile."

"Yaliyopita si ndwele," Rula akamkatiza. "Tugange yajayo. Umeshakunywa chai?"

Jibu lilikuwa hilohilo kila mara. Na kila mara Pampu alishukuru kimoyomoyo, akanywa chai yake, akaenda zake na mzigo wake. Leo alikataa kiti.

"Nilikuona, kaka. Ningeweza kuruka, nikakusudia nisiruke. Nilikuwa naitaka namba yako. Miaka yote hii nimekula riziki yako, watoto wako wananiita baba mdogo, kumbe mimi ndiye niliyekutia kilema. Kwa makusudi kabisa."

Akaanguka katikati ya vikapu vya nguo, mtu mzima na ndevu zake, akalia kwa sauti.

Pasi ilikuwa inaunguza shati la watu. Mkewe akaja akaichomoa kwenye umeme, kisha akamkazia macho mumewe.

"Mwambie."

"Mama watoto, tafadhali."

"Mwambie, au nitamwambia mimi! Mtu analia nyumbani kwangu, na wewe umesimama hapo kama mlingoti!"

Rula akashika ukingo wa meza.

"Shemeji, inuka," mkewe akasema, na sauti yake ilikuwa imelegea. "Mimi nimefunga mdomo nikidhani unaiona ni ajali. Laiti ningejua unavyoteseka! Goti hilo lilikatika Jumapili, kwenye mechi ya mtaani. Alilia usiku kucha. Asubuhi nilimfunga bandeji kwa mikono yangu hii, nikamvalisha suruali ndefu, nikamsihi asiende. Akaniambia, 'Lazima niende, nikatafute wa kunivunjia huko.'"

Pampu alimgeukia Rula, bado yuko sakafuni.

"Tulikuwa wengi uwanjani," akasema. "Kwa nini mimi?"

Kwa mara ya kwanza tangu siku ile, Rula akamtazama machoni.

"Nilijua wengine wote wangeruka."