Firigisi ya Siku ya Tatu

Siku hizi mwenye kifua kikuu kilicholala haambiwi msiba mpaka alishwe vizuri siku arobaini. Ndiyo sheria. Vidudu vya ugonjwa huo vina masikio yao: mwili wenye nguvu huvibana vikakosa hewa, vikajikunja na kulala miaka; lakini mwili ukidhoofika kwa njaa au majonzi, vinajua, vinaamka. Shanga iliyoshonwa chini ya ngozi ya kifua cha Nyamizi ilivisikiliza usiku na mchana. Ikilia tu, gari la kambi ya kutengea wagonjwa hufika mlangoni kabla chai haijapoa.

Jumapili hiyo mumewe, Kapufi, alimwekea wali kwa kuku. Juu ya wali palikuwa na firigisi.

Nyamizi aliikazia macho. Miaka kumi na tisa ya ndoa, Kapufi hakuwahi kumwachia mtu firigisi, hata mama yake mzazi. Ijumaa alimletea maini, jana mayai ya kienyeji, naye akadhani ni mapenzi tu.

"Kula, mke wangu, upate nguvu." Alitabasamu, macho mekundu kama aliyepuliza kuni mbichi.

Nyamizi akawapitia watu wake moyoni. Mama alipiga simu asubuhi. Mayunga, mwanawe wa pekee aliyeko mgodini, hajapiga tangu Alhamisi.

"Baba Mayunga, leo ni siku ya ngapi?"

"Ya tatu," Kapufi akateleza ulimi, kisha akaziba mdomo.

Shanga ikatetemeka, karibu ilie. Nyamizi akaitia firigisi kinywani, akaitafuna, akacheka kwa sauti kubwa ili vidudu visikie.