Uyoga Uliong'olewa

Vikonyo vya uyoga vilikuwa na udongo. Mpishi alichutama mbele ya ndoo ya maganda, akaokota kimoja, kisha kingine, kisha cha tatu. Vyote vilikuwa vimeng'olewa.

Kwa misimu minane alikuwa akinunua uyoga kwa mtu mmoja tu, kikongwe aliyeitwa na wote Bibi Uyoga, na katika misimu yote hiyo hakuwahi kuona udongo. Bibi Uyoga hang'oi. Anakata kwa kisu, upana wa kidole kutoka ardhini, ili penye uyoga leo pawe na uyoga na mwakani.

Alimuuliza mwosha vyombo kikapu kililetwa na nani. Mwosha vyombo alisema hajui, alikikuta mlangoni asubuhi, akakata vikonyo vichafu, akaosha uliobaki, akaendelea na kazi. Kwake yeye uyoga ni uyoga.

Na ukumbini watu tisa walikuwa wakiula. Walikaa meza ya dirishani, na kwenye kiti cha heshima alikaa mama yake mpishi, aliyetimiza miaka sabini siku hiyo. Supu hiyo ya uyoga aliiomba mwenyewe tangu mvua zilipoanza.

Mkahawa ule haukuwa na friza wala mboga za pakiti. Ubao wa nje ulisema kila kinachopikwa kimechumwa leo, karibu na hapa, na mpishi hakuwa mtu wa kuandika uongo ubaoni. Wateja walipomuuliza kama haogopi uyoga wa porini, alicheka na kuwasimulia habari za Bibi Uyoga: yule hata hahitaji kuutazama, anaupapasa kwa kidole gumba, anaunusa, basi, amemaliza. Watu waliipenda sana hadithi hiyo. Waliiteremsha pamoja na supu.

Sasa aliingia ukumbini akijilazimisha kutabasamu. Alisema supu imezidi chumvi, anaomba radhi, ataleta chakula kingine, na papo hapo akaanza kukusanya mabakuli. Mjomba mmoja alilishika lake kwa mikono miwili, akasema chumvi iko sawa kabisa, ila huyu mtoto tangu zamani ana wasiwasi kama kuku mgeni. Meza nzima ikacheka.

Bakuli la mama yake lilikuwa tupu.

"Hilo la pili," mama alisema. "Mbona umepauka hivyo, mwanangu?"

Alijibu ni moto wa jikoni. Alimvuta mwosha vyombo pembeni, akamwambia asibanduke karibu na mama, na yeyote akilalamika tumbo au kizunguzungu, asisubiri ruhusa ya mtu, wote tisa wapelekwe hospitali. Angepaswa kuwaambia ukweli pale pale, naye alijua hivyo. Lakini kusema ni kuufunga mkahawa kwa mkono wake mwenyewe. Alijipa dakika kumi, na alijichukia tangu ile ya kwanza.

Simu ya Bibi Uyoga iliita mpaka ikakata. Mpishi alitia vikonyo viwili mfukoni mwa aproni, akatoka mbio.

Alipita karakana ya mbao, akapanda ngazi za mawe mbili mbili, huku akikumbuka yote aliyowahi kusikia: kwamba ule mbaya ni mtamu kama mzuri, kwamba tumbo huanza kuuma baada ya saa nyingi, wakati dawa imeshachelewa. Akilini alimwona mama yake akilamba kijiko. Aliongeza mbio.

Bibi Uyoga alikuwa amekaa nje ya mlango wake, mguu mmoja umefungwa kitambaa na kuwekwa juu ya kigoda.

"Leo hata shikamoo hakuna," alisema.

Mpishi alimtia vile vikonyo mkononi. "Bibi, huu nani kaung'oa?"

Kikongwe alivipapasa, akavinusa. "Mke wa mwanangu. Kisu hakijui huyo, yeye ni kung'oa tu."

Mpishi alikaa chini kwenye saruji. Bibi alimweleza taratibu, kama mtu mwenye siku nzima mbele yake. Mkwe amekuja juzi kutoka kwao. Alfajiri alikataa katakata kumwacha mama mkwe aende msituni peke yake, wakaenda wote, wakagombana njia nzima. Wakati wa kuteremka bibi akautegua mguu, ndipo mkwe akakipeleka kikapu mwenyewe na kukiacha mlangoni.

"Nilichochuma mimi alikimwaga chote," bibi alisema. "Chote. Akaanza upya kwa mikono yake."

Mpishi alilia kwa hasira. Misimu minane ya kuaminiana, na mgeni wa siku mbili ameimwaga kichakani. Alisema mama yake amekula mabakuli mawili. Alisema na wajomba wamekula, na mama wadogo wamekula, na yeye mwenyewe ndiye aliyewapakulia.

"Kwa nini ukamwachia, Bibi? Mimi naiamini mikono yako, si ya mtu mwingine."

Kikongwe alinyoosha mkono kumtafuta. Ulipita hewani, ukarudi, ukampata begani.

"Wa leo kuleni bila wasiwasi, mwanangu," alisema kwa sauti ya chini. "Wa leo umechumwa na mtu anayeona."