Mama Mkwe Jangwani

"Kulia," alisema Dira, akaenda kushoto.

Nyuma yake alifuata mchumba wake, na nyuma ya mchumba alifuata mama wa mchumba, mkoba begani, raba miguuni, kimya kama hakimu anayesikiliza kesi. Na kesi ilikuwepo. Mama alikuwa bado hajakubali posa.

"Mimi mwanaume simtazami sebuleni," alikuwa amesema. "Sebuleni kila mtu ana adabu. Nitamtazama njiani."

Dira alifurahi kupita kiasi. Alikuwa na duka la vifaa vya kupandia milima, na jina la Dira alibandikwa na wateja kwa jinsi alivyopenda kuwaelekeza watu njia ambazo yeye mwenyewe hajawahi kuzikanyaga. Basi akawapeleka mama na binti kwenye nyumba ya wageni iliyo juu ya jabali, ukingoni mwa jangwa, akaapa kuwaonyesha maporomoko ya maji yanayotokea msimu wa mvua tu, kisha hukauka kabla watu hawajamaliza kuyasimulia. Walitoka alfajiri, kabla hata mpishi hajaamka.

Sasa jua lilikuwa kali. Fimbo zake mbili za kutembelea zilikuwa zimebaki moja, na kile chombo cha setilaiti alichokisifia njia nzima kilikuwa kinasema wako katikati ya bahari.

Binti akasogea, akamnong'oneza. "Hili jiwe si tulishalipita?"

"Mawe ya jangwani ni ndugu, mpenzi. Yanafanana."

"Na hizi alama za raba ni za mama."

"Basi huo ni ushahidi kwamba njia inapitika."

Binti nusura alie. Alimpenda mtu huyu pamoja na fimbo zake zote, na alimjua mama yake: akisema hapana, hata mbingu zishuke haitakuwa ndiyo. Mama alimlea peke yake, tangu mumewe, dereva wa malori aliyejua kila njia ya nchi kavu, alipotoka kwenda kununua betri za redio. Binti alikuwa bado ananyonya. Redio iko kimya mpaka leo.

"Hiyo mvua imenyesha lini, baba?" Mama aliuliza. Ndiyo mara ya kwanza afungue kinywa tangu watoke.

"Huku hainyeshi, Mama. Inanyesha mbali, huko milimani. Maji ndiyo yanayosafiri."

"Mh. Na yakishaondoka, huwa yanarudi?"

"Msimu ukifika, Mama."

"Msimu," Mama alirudia, kama mtu anayetaja jina la mwizi wake.

Walipopinda kona ya korongo wakasikia maji. Juu kabisa ya jabali utepe mweupe ulikuwa unateremka, ukigonga mwamba na kutawanyika. Dira alipiga ukelele. Kati ya wote watatu, yeye ndiye aliyeshangaa zaidi.

"Nilisema au sikusema?" Akakimbia, akasimama chini ya maji na nguo zake.

"Ya vuguvugu haya," binti alisema, akinyoosha mkono.

"Mwamba unayapasha!"

"Mbona yana povu?"

"Nguvu ya kuanguka, mpenzi!"

Mama alinusa hewa. "Na yananukia."

"Maua ya jangwani, Mama! Huchanua huko juu mara moja tu kwa mwaka!" Akakinga viganja, akanywa, ili wote waone jinsi maji yalivyo safi. Uso ulimkunjamana kidogo, akaukunjua upesi. Kisha akapiga magoti pale pale matopeni. "Mama, nimewafikisha. Nakuomba unipe binti yako."

Binti akafumba macho.

Kitu cheupe kikaporomoka na maji, kikamfunika Dira kichwa kizima. Akakivua taratibu. Ilikuwa foronya, na pembeni ilikuwa na mhuri wa nyumba ya wageni waliyolala.

Juu ya jabali kichwa cha dobi kikachungulia, beseni mkononi. "Samahani jamani wageni, nipisheni kidogo, bado maji ya mashuka! Na chai yenu inapoa mezani, mnapanda au tuwateremshie huko huko?"

Dira alibaki magotini, povu masikioni, akitamani ardhi ipasuke immeze. Asubuhi nzima alikuwa amekwenda, na amefika nyuma ya chumba chake.

Mama alitua mkoba chini. Akaanza kucheka, polepole, halafu kwa nguvu, mpaka akajipangusa machozi kwa kiganja. Binti hakuwahi kumsikia akicheka namna ile.

"Olewa naye, mwanangu," alisema. "Huyu hata akitoroka, jioni utamkuta mlangoni."