Msemaji wa Cheche

Cheche alizima mashine katikati ya kazi, geti la mteja likiwa limeungwa upande mmoja tu. Akavua kinyago cha kuchomelea, akakitupa juu ya meza ya chuma. Karakana nzima ikageuka.

"Hebu rudia ulichosema," alimwambia fundi mpya.

Fundi mpya, aliyeajiriwa mwezi uliopita, aliwatazama wenzake. Alidhani wanapiga soga tu. Akautaja tena mshahara wake, safari hii kwa sauti ya chini.

Ulikuwa karibu mara mbili ya ule wa Cheche. Cheche, mwenye miaka tisa ya kazi pale, mageti yale yale, moto ule ule. Cheche aliyetoka kurekebisha maungio ya huyo huyo fundi mpya asubuhi.

Kwamba mumewe, fundi wa karakana hiyo hiyo, alimzidi mshahara, hilo alikwisha kulimeza. Waliajiriwa siku moja, wakapewa mashine zinazotazamana, akaambiwa mwenzake ana familia ya kulisha. Kana kwamba yeye watoto aliwaokota. Lakini huyu wa jana?

Mumewe alikuja mbio, akamvuta kando penye nondo.

"Taratibu, mke wangu. Yule bosi ni dhalimu, nani asiyemjua? Kwani mimi nimekaa kimya? Si kila mwaka naingia mle ofisini kwa ajili yako?"

"Na yeye husema nini?"

"Ni kumpigia mbuzi gitaa. Lakini niachie mimi. Wiki hii hii nitaingia tena."

Ni kweli, kila mwaka aliingia. Cheche humwona kupitia kioo, akizungumza kwa mikono miwili, kisha akitoka huku anatikisa kichwa. Jioni ya siku hizo humwandalia maji ya moto ya kuoga na hamsumbui kwa lolote, maana mwanamume aliyejishusha kwa ajili ya mkewe anastahili kupumzika.

Leo subira ilikuwa imekwisha. Alichomoa mkono wake.

"Naingia mwenyewe."

Hakupiga hodi. Bosi alikuwa na kikombe cha chai mdomoni.

"Nachomelea kama wao," Cheche alisema, akikunja mkono wa ovaroli mpaka makovu yakaonekana. "Naungua kama wao. Mume wangu amekuomba kwa adabu mwaka hadi mwaka, ukamfanya mjinga. Mimi siombi. Nataka kujua kwa nini."

Bosi alikitua kikombe taratibu. Akamtazama yeye, kisha akamtazama mumewe, aliyekuwa amefika mlangoni na kukwama hapo.

"Mama, mumeo sijamfanya mjinga hata siku moja. Mwaka wa kwanza nilitaka kuwalipa sawa, na yeye ndiye huja hapa kila mwaka kuniomba nisikuongeze. Mimi ni mfanyabiashara, ombi kama hilo nilikatae vipi?"