Bata Mzinga wa Johannesburg

Katikati ya Johannesburg, nyuma kidogo ya kiatu cha Steve, alisimama bata mzinga.

Kila asubuhi, kabla ya kubeba makaa yake kwenda kuuza kwenye soko la Kikula, mama Alphonsine aliipangusa picha hiyo iliyotumwa kutoka huko kwa pindo la kitenge. Alianza na uso wa mwanawe Steve, akashuka kwenye koti, akapitia maghorofa marefu, akamalizia na yule ndege mwenye kitambaa kilichofungwa mguuni. Asubuhi hiyo hakufika hata kwenye koti. Mkono wa mumewe uliifunika picha.

“Utaimaliza kwa kuipangusa,” Philippe alisema. “Enda kwa Hilaire, weye pia upigwe picha. Mutoto asije akasahau sura ya mama yake.”

Philippe hakuwa tena mtu wa kutoa amri. Kwa miezi tisa kampuni ilikuwa haijamlipa, na sauti yake ilikuwa imepungua pamoja na chakula. Kumsikia akiagiza kitu kulimfurahisha Alphonsine, naye akatii upesi.

Njiani kwenda Panda, mtaa wa Hilaire, alikuwa akitafuta maneno ya barua. Hilaire, mpiga picha na rafiki wa Steve, ndiye aliyepokea barua za Johannesburg kutoka kwa madereva wa malori na kuzileta nyumbani. Ndiye pia aliyeandika majibu, mama akitamka. Mwaka mzima Alphonsine alitaka kumwambia mwanawe neno moja tu: rudi. Kila mara ulimi ulimgeuka, akasema kwamba wote wako vizuri. Nani angemwita mtoto arudi kwenye sufuria tupu, tena kutoka mji ambao, kama Steve alivyoandika, ndege wakubwa wanatembea barabarani bila woga kwa sababu hakuna mtu mwenye njaa?

Sokoni walicheka siku alipowasimulia. “Hapa kwetu,” mama Mwadi alisema, “ile ndege haingefika ku kona. Ingekutana na sufuria yangu.”

Studio ya Hilaire ilikuwa uani, nyuma ya nyumba. Alphonsine alikuwa hajawahi kufika. Alipopiga hodi, ndani kitu kilianguka.

“Ngoja, mama. Ngoja kidogo.”

Alingoja. Mlango wa ua ulipofunguliwa, Hilaire alikuwa anatokwa jasho. Pazia la kupigia picha lilining'inia kwenye kamba, lakini limegeuzwa: upande uliochorwa kwa rangi ulitazama ukutani, na upande wa mbele ilionekana mifuko ya unga iliyoshonwa pamoja.

“Haina hata maua?” Alphonsine aliuliza.

“Kwa ba mama tunaweka hivi tu. Inapendeza.”

Akaketi, akanyoosha kitenge magotini, akajaribu kukumbuka namna mtu anavyoketi akiwa ameshiba. Hilaire akainama kwenye kamera. Hapo hapo bata mzinga akaingia kupitia tundu la ua, akatembea taratibu kama mgeni rasmi, akasimama mbele ya kamera, akajivimbisha.

“Toka, weye,” Hilaire akampungia kofia. “Ni ya adjudant wa hapa jirani. Kila picha inataka kuingia.”

“Ya askari? Njo maana iko muzima,” alisema Alphonsine, akacheka.

Kisha akauona mguu. Kitambaa kilikuwa na mafundo mawili, moja kubwa na moja dogo. Aliyajua mafundo hayo. Alikuwa ameyapangusa mwaka mzima.

Kicheko kikaisha. Alimfuata ndege kwa macho tu, naye ndege akamzunguka, akapita chini ya kiti, akaingiza kichwa chekundu chini ya pindo la pazia na kudonoa. Alidonoa mara mbili. Pazia likatikisika.

“Upepo,” Hilaire alisema.

Nguo zilizoanikwa uani zilikuwa zimetulia kabisa.

“Mama, cheka tena kidogo. Kama vile ulicheka sasa hivi.”

“Tuandike barua kwanza.”

“Sasa? Na picha je?”

“Andika, mutoto yangu.”

Hilaire akatafuta karatasi, akaiweka juu ya goti. Kalamu ilitoboa karatasi kabla hajaandika neno.

“Steve,” Alphonsine alianza, kwa sauti ile ile ya barua zote. “Tuko muzuri. Baba yako iko muzuri. Tunakula vizuri, usikuwe na wasiwasi, tumika kazi yako.” Akalitazama pazia. “Hapana. Yote ile ni uongo. Ikate.”

Akasimama, akageuza kiti, akaketi tena akiipa kamera mgongo, uso wake ukiielekea ile mifuko ya unga.

“Steve, vuta muguu, ile ndege itakutoboa,” alisema. “Alafu toka, vile vile uko. Minye sitaki Johannesburg. Nakutaka weye.”