Unga wa Uani

Siku ya kwenda kuambiwa kwamba anakufa, Evasio Bertola alivaa suti yake ya harusi. Alinyoa ndevu, akanunua boksi la biskuti kwa ajili ya manesi, kisha akapita penye ukuta wa matangazo ya vifo kuona nani katangulia wiki hii. Walikuwa wawili, wote wa kiwandani. Alivua kofia, akaendelea na safari.

Aliyempigia simu ni bintiye Fiorenza, daktari wa mapafu katika hospitali ya mji. "Baba, njoo ofisini kwangu. Kuna picha nataka uione." Mwezi uliopita wastaafu wote wa kiwanda cha asbesto walipigwa picha za kifua, na Evasio alikuwa miongoni mwao. Hakuhitaji kuambiwa zaidi.

Alimkuta mlangoni, koti jeupe likimpwaya.

"Umekonda, mama. Hawa wagonjwa watakumaliza."

"Na wewe umevaa hivyo, unaenda kuoa?"

"Nimewapunguzia kazi watakaonivalisha."

Fiorenza hakucheka.

Walipopita mlango wa dharura, Evasio alimkumbusha, kama alivyomkumbusha kila mara, siku aliyomleta hapo kwa baiskeli. Alikuwa na miaka saba, ameanguka bembeani uani na kuvunjika mtulinga, ule mfupa wa kati ya shingo na bega, na njia nzima alililia aiskrimu. Zamani habari hiyo ilikuwa na mwisho wake: bahati uliangukia unga wa kiwanda, si mawe. Miaka hii Evasio alikuwa akiumeza mwisho huo.

Unga wenyewe ulikuwa vumbi la asbesto lililobaki kwenye mashine. Kiwanda kiliwagawia wafanyakazi bure, na kila Jumamosi mtu alibeba gunia lake na kushukuru. Waliumwaga uani, wakaushindilia, na hata mvua za Novemba hazikuleta tope. Evasio alibeba magunia mengi kuliko wenzake kwa sababu alikuwa na mtoto wa kucheza. Mji ulipokuja kujua kwamba unga huo unaua, aliufunika ua mzima kwa saruji, na nyumbani hawakulizungumza tena.

Ngazini alisimama mara mbili kumsubiri binti yake. Kakesha zamu, maskini, alijisemea.

Ofisini, Fiorenza alibandika picha kwenye kioo chenye taa. Alizungumza akiitazama picha, si baba yake.

"Nyuzi za asbesto ni nyembamba kuliko unywele, Baba. Ukizivuta zinafika chini kabisa. Seli za ulinzi zinajaribu kuzimeza, zinashindwa, ni ndefu mno. Zinakufa zimekabwa, zinatema sumu, na sumu hiyo inakwangua DNA ya seli za jirani."

"DNA ndiyo nini hapo?"

"Maagizo. Yanaiambia seli ifanye nini, igawanyike lini, ife lini. Sasa seli ikigawanyika na uzi uko katikati, maagizo yanachanika. Nyingi zinakufa. Lakini ipe miaka thelathini, arobaini, itapatikana moja iliyosahau kufa. Hiyo ndiyo inayozaana."

"Kama mkurugenzi wetu. Ana miaka tisini na tatu, bado anaogelea ziwani."

"Baba, nisikilize."

"Nisikilize wewe kwanza." Aliiweka kofia magotini. "Mimi sina kinyongo. Nilikula mkate wa kiwanda, sasa kiwanda kinanila. Kitu nilichokuwa nakiogopa ni kimoja tu, na wewe unakijua. Miaka yote hii ukikohoa mafua mimi silali. Kwa hiyo leo nimekuja nimeshukuru. Kama lazima alipe mtu wa nyumba ile, alipe aliyebeba magunia."

Fiorenza aligeuka tena kuitazama picha. Macho yalikuwa yamemjaa machozi.

"Usilie, mama. Niambie tu, muda gani?"

"Mwaka. Pengine haufiki."

"Zabibu za mwaka huu zitavunwa, basi. Si haba."

"Baba, acha. Njoo karibu uone."

Evasio alivaa miwani, akainama mbele ya picha. Uchungu alikuwa nao, lakini moyoni alijisikia mwepesi, kama mtu aliyekwisha kulipa deni la watu.

"Huu ni utando unaofunika pafu," alisema Fiorenza. "Ulitakiwa uwe mwembamba kama ganda la kitunguu."

Kidole chake kiliufuata utando huo, mnene na mweupe kama ukoko, kutoka ubavuni, kikapanda polepole mpaka karibu na bega la kushoto, kikasimama hapo. Juu yake kidogo, mfupa ulikuwa na kifundo, mahali ulipovunjika zamani ukaunga upande.

Evasio alipapasa mtulinga wake wa kushoto, kisha wa kulia. Yote miwili ilikuwa imenyooka.